Mvua zikibadilika: kilimo hai na kilimo cha mbolea za dukani, kipi kinavuna zaidi?

Wakulima wa Bagamoyo wana misimu miwili ya mvua: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Mwaka wa El Niño, vuli inaweza kunyesha kupita kiasi, kama ilivyokuwa 1997 na 2023. Mwaka wa La Niña, mara nyingi vuli huwa haba. Tunaeleza hapa jinsi hali hizo zinavyogusa mavuno ya kila aina ya kilimo.

Kilimo hai ni nini?
Ni kilimo kisichotumia mbolea wala dawa za viwandani. Rutuba hutoka kwenye samadi, mboji, mazao ya jamii ya kunde na kubadilisha mazao. Shamba lisilowekewa chochote si kilimo hai. Ni shamba lililochoka.

Mvua ikiwa nzuri
Mbolea ya dukani huyeyuka haraka na kulisha mmea mara moja, lakini samadi hutoa chakula chake polepole. Majumuisho mawili ya tafiti za nchi nyingi, ya 2012 na 2015, yalionyesha kuwa kilimo hai kilivuna pungufu kwa wastani wa asilimia 19 hadi 25.

Mvua ikikatika
Hapa mambo hubadilika. Huko Pennsylvania, Marekani, Taasisi ya Rodale imelinganisha mifumo hii tangu 1981. Miaka ya ukame, mahindi ya kilimo hai yalizidi yale ya kawaida, kwa sababu udongo wenye mboji hushika maji zaidi.

Jambo hilo linatuhusu sana, kwani sehemu kubwa ya udongo wa pwani ni kichanga na maji hupita upesi. Mahindi yakikosa unyevu wakati wa kutoa mbelewele, punje hazijai hata kama mbolea iliwekwa. Aliyekopa kununua mbolea hiyo hubaki na deni. Muhogo na mananasi huvumilia zaidi.

Mvua ikizidi
Kwenye kichanga, maji mengi huzamisha naitrojeni chini ya mizizi. Mkulima aliyemwaga urea yote kwa mkupuo mmoja hupoteza zaidi. Samadi iliyoachwa wazi nayo huoshwa.

Somo kutoka Kenya
Majaribio yaliyoanza 2007 Thika na Chuka yalionyesha kuwa mahindi ya kilimo hai yaliyopewa mboji na samadi ya kutosha yalikaribiana na yale ya mbolea za viwandani. Huko Thika, pale pembejeo zilipokuwa kidogo na mahindi yakapandwa peke yake, kilimo hai kilibaki nyuma sana.

Ufanye nini?
- Usichome mabua na majani. Yatandaze shambani yatunze unyevu.
- Weka samadi iliyooza vizuri kwenye shimo la kupandia, si kuitawanya shamba zima.
- Changanya mahindi na kunde, choroko au mbaazi.
- Ukitumia urea, igawe mara mbili, uiweke udongo ukiwa na unyevu na uifukie. Kama mvua kubwa imetabiriwa, subiri ipite.
- Kabla ya kununua pembejeo, sikiliza utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), kisha zungumza na afisa ugani wako.

Kama hujaamua kulima kilimo hai kikamilifu, unaweza kutumia vyote viwili: samadi ishike maji, na mbolea kidogo ilishe mmea.