WAJANE WA UHUD: NYUMBA ZILIZOSIMAMA TENA BAADA YA MSIBA



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake wote.

Ndugu zetu katika imani, katika familia zetu za nchi za Maziwa Makuu kuna swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini. Mjane ambaye mumewe aliuawa wakati wa vita au mauaji, akija mtu kumposa baada ya miaka mingi, je, akubali? Au akikubali atakuwa amemsaliti marehemu? Wapo wakwe wasemao kuwa mke mwenye mapenzi ya kweli haolewi tena. Wapo watoto wakubwa wanaoona haya mama yao kuolewa. Na wapo mashemeji ambao kabla hata eda haijaisha wameshaanza kulipima shamba kwa macho.

Tumeona tusilijibu swali hili kwa maneno yetu tu. Tuurejee mji mmoja ambao ulifiwa na watu wengi kwa siku moja, tuone watu wake waliishi vipi baadaye. Mji huo ni Madina, na siku hiyo ni siku ya Uhud.

MJI MDOGO, MAITI SABINI

Vita vya Uhud vilipiganwa mwezi wa Shawwal mwaka wa 3 Hijria, yaani mwaka 625 Miladia. Waislamu waliobaki uwanjani baada ya Abdullah bin Ubayy kurudi na watu wake 300 walikuwa wapatao 700, wakikabiliana na jeshi la Makka la watu wapatao 3,000. Mwanzoni ushindi ulikuwa wao. Lakini wengi katika wapiga mishale 50 waliowekwa kilimani waliacha nafasi zao, wapanda farasi wa Kikureishi wakazunguka nyuma, na mambo yakageuka. Waislamu wapatao 70 waliuawa, wengi wao wakiwa Ansar, wenyeji wa Madina.

Tuipige hesabu hiyo. Watu 70 katika 700 ni mtu mmoja katika kila kumi. Katika mji ambao watu walijuana kwa majina na kwa koo, maana yake ni kwamba kila mtaa ulikuwa na msiba. Nguo za kukafini hazikutosha. Wawili au zaidi waliwekwa katika kaburi moja, na Mtume (s.a.w.) aliagiza atangulizwe yule aliyehifadhi Qur'ani zaidi. Jioni ile wanawake wa Kiansar walilia katika nyumba zao. Mtume (s.a.w.) hakukataza machozi, maana yeye mwenyewe alihuzunika sana kwa ajili ya ami yake Hamza (r.a.). Alichokataza ni kuomboleza kwa kupiga mayowe, kujipiga na kurarua nguo.

BI HAMNA NA TALHA

Katika wanawake waliokuwa Uhud wakiwapa maji majeruhi alikuwemo Bi Hamna bint Jahsh (r.a.), dada yake Bi Zaynab bint Jahsh na binti wa shangazi yake Mtume (s.a.w.). Mumewe alikuwa Mus'ab bin Umayr (r.a.), yule kijana aliyeacha utajiri wa Makka, akatumwa kuwafundisha watu wa Madina dini kabla ya Hijra. Siku ya Uhud Mus'ab ndiye aliyebeba bendera.

Wanahistoria wa Sira wanaeleza kuwa watu walipokuwa wakirejea, Bi Hamna alipewa habari tatu moja baada ya nyingine. Aliambiwa kaka yake Abdullah bin Jahsh ameuawa, akarejea kwa Allah na kumuombea maghfira. Akaambiwa mjomba wake Hamza ameuawa, akafanya vile vile. Kisha akaambiwa kuhusu mumewe Mus'ab. Hapo alipiga ukelele. Mtume (s.a.w.) hakumkaripia. Aliwaeleza waliokuwepo kuwa mume ana nafasi yake kwa mke, nafasi isiyo ya mtu mwingine.

Mus'ab alizikwa kwa shuka moja tu. Wakifunika kichwa, miguu inatokeza. Wakifunika miguu, kichwa kinatokeza. Wakafunika kichwa, na miguuni wakaweka majani. Alimwachia Bi Hamna mtoto wa kike, Zaynab.

Siku ile ile, upande mwingine wa uwanja, Talha bin Ubaydillah (r.a.) alikuwa akimkinga Mtume (s.a.w.) kwa mwili wake. Alipata majeraha mengi, na mkono wake aliokingia silaha ulipooza. Miaka mingi baadaye watu waliuona mkono ule ukiwa umelemaa, na wakajua ulilemaa wapi.

Huyu Talha ndiye aliyemuoa Bi Hamna baadaye. Wakajaaliwa watoto, Muhammad na Imran. Muhammad bin Talha alisifika kwa wingi wa ibada hadi akaitwa As-Sajjad, mwenye kusujudu sana.

Ndugu msomaji, hebu tuitazame nyumba ile. Mke aliacha kaka, mjomba na mume chini ya mlima wa Uhud. Mume alirudi kutoka mlima huo huo na mkono usiofanya kazi. Hakuna kati yao aliyehitaji kumweleza mwenzake siku ile ilikuwaje. Vitabu havikutuandikia waliambizana nini, wala sisi hatutawabunia maneno. Tunachojua ni kuwa waliishi pamoja, wakazaa na kulea.

BI UMMU SALAMA ALIYEDHANI HAKUNA MWINGINE

Kisa cha pili kinajulikana zaidi. Bi Ummu Salama (r.a.) na mumewe Abu Salama (r.a.) walikuwa watu waliopita mengi pamoja. Walihamia Uhabeshi, wakarudi Makka, kisha wakati wa kuhamia Madina jamaa za mke wakamzuia yeye asiondoke, na jamaa za mume wakamchukua mtoto. Abu Salama akaenda peke yake. Kwa muda wa karibu mwaka mzima Bi Ummu Salama alikuwa akitoka kila siku kwenda kukaa bondeni na kulia, mpaka watu wakamhurumia, akapewa mtoto wake na kumfuata mumewe.

Mume kama huyo ndiye aliyejeruhiwa Uhud. Jeraha lilionekana limepona, kisha likafumuka, na mwaka wa 4 Hijria akafariki. Mtume (s.a.w.) alikuwepo, akayafumba macho yake kwa mkono wake na kumuombea dua yeye pamoja na watu wa nyumba yake.

Abu Salama alikuwa amemfikishia mkewe mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba aliyefikwa na msiba arejee kwa Allah, aombe malipo ya msiba wake na aombe apewe badala iliyo bora. Bi Ummu Salama aliisoma dua hiyo, lakini yeye mwenyewe amesimulia kuwa alijiuliza moyoni ni nani atakayekuwa bora kuliko Abu Salama. Hakujifanya. Aliomba huku akiwa haoni jibu litatoka wapi.

Eda ilipokwisha aliposwa, na imepokewa kuwa waliotangulia kumposa aliwakatalia. Kisha Mtume (s.a.w.) akaleta posa. Bi Ummu Salama hakukubali papo hapo, alitaja wasiwasi wake waziwazi: kwamba ana wivu, kwamba umri umekwenda, na kwamba ana watoto. Mtume (s.a.w.) alimjibu jambo moja moja. Wivu atamuombea Allah auondoe, umri hata yeye umemfika, na watoto wake wataangaliwa. Ndoa ikafungwa mwezi wa Shawwal mwaka wa 4.

Ahadi kuhusu watoto ilitimizwa. Umar bin Abi Salama alilelewa katika nyumba ya Mtume (s.a.w.), na ndiye aliyetusimulia adabu tunazowafundisha watoto wetu mezani: kutaja jina la Allah, kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yako. Kila tunapomkumbusha mtoto adabu hiyo, tunanufaika na malezi aliyopewa yatima wa Uhud na baba wa kambo.

Na jambo hili tusilipite haraka: habari za dua ile na sifa za Abu Salama tumezipata kwa ulimi wa Bi Ummu Salama mwenyewe, akiwa tayari ni Mama wa Waumini. Kuolewa tena hakukumfanya amfiche mume wa kwanza. Naye Mtume (s.a.w.) aliendelea kumtaja Bi Khadija (r.a.) kwa wema miaka mingi baada ya kufa kwake, na akichinja aliwapelekea nyama rafiki zake.

MALI YA YATIMA NA HAKI YA MJANE

Moyo haupoi ikiwa nyumba inadhulumiwa. Sa'd bin Rabi' (r.a.) aliuawa Uhud akaacha mke na mabinti wawili. Ndugu yake akachukua mali yote, kama ilivyokuwa desturi ya Waarabu wakati ule. Mjane hakunyamaza. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) na mabinti zake, akaeleza kuwa mali imechukuliwa na kwamba mabinti wasio na kitu hawataolewa. Ikateremka aya ya mirathi katika Suratun Nisaa. Mtume (s.a.w.) akamuagiza yule ami awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumuni, na kinachobaki ndicho chake.

Ni mjane wa msiba ule ule ambaye shauri lake limehusishwa na kuteremka kwa hukumu tunayoifuata mpaka leo. Anayempokonya mjane nyumba kwa kisingizio cha mila na ajue anaigombania desturi iliyovunjwa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

Yupo pia Jabir bin Abdillah (r.a.), ambaye baba yake aliuawa Uhud akamwachia madeni na dada wadogo wengi. Jabir alimuoa mwanamke aliyewahi kuolewa. Mtume (s.a.w.) alipomuuliza kwa nini hakuoa msichana kama yeye, alieleza kuwa alitaka mke atakayewasimamia na kuwatunza dada zake. Mtume (s.a.w.) alimkubalia na kumuombea baraka.

KUPONA SI KUSAHAU

Miaka minane ilipita baada ya Uhud. Karibu na mwisho wa maisha yake Mtume (s.a.w.) alikwenda kuwaombea mashahidi wale, kama mtu anayewaaga walio hai na waliokufa. Na Abdurrahman bin Awf (r.a.), alipokuwa tajiri, aliletewa chakula siku moja akiwa amefunga. Akamkumbuka Mus'ab na ile shuka isiyotosha, akalia hata akakiacha chakula.

Kwa hiyo mji ule ulioza na kuozesha, ukalea watoto, na bado ukawa unalia. Tusimhukumu mjane aliyeolewa kwa kuwa ameanza kucheka, wala tusimshangae akilia siku ya kumbukumbu akiwa na mume mwema pembeni yake.

Majirani zetu wa Rwanda wameyaona haya. Mwaka 1994, kwa muda wa siku zipatazo 100, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliangamiza watu ambao serikali ya nchi hiyo inawataja kuwa zaidi ya milioni 1. Mwaka 1995 wajane walionusurika waliunda chama chao, AVEGA Agahozo. Mwaka 1996 wanafunzi walionusurika waliunda AERG, wakajipanga katika familia, wakichaguana nani awe "baba" na nani awe "mama", ingawa wote walikuwa vijana wasio na wazazi. Na sheria ya mwaka 1999 ilimpa mtoto wa kike haki ya kurithi. Malezi ya yatima na haki ya mirathi: mambo haya mawili tumeyaona pia Madina.

MAFUNZO KWA FAMILIA ZETU

1. Eda ya mjane asiye na mimba ni miezi 4 na siku 10 (Suratul Baqara, aya ya 234), na ya mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Baada ya hapo sheria haikumfunga. Asifungwe na maneno ya watu.

2. Mjane asiharakishwe pia. Bi Ummu Salama alikataa kwanza, akauliza, akajibiwa. Anayeposa mjane asikilize hofu zake na azijibu moja moja.

3. Watoto watajwe mapema katika mazungumzo ya posa, si baada ya ndoa.

4. Picha, jina na dua za marehemu zisifukuzwe nyumbani. Mume wa pili mwenye busara hamwonei wivu aliye kaburini.

5. Mirathi igawanywe kabla watu hawajaanza kugombana. Wazee wa msikiti wasimamie.

6. Nyinyi vijana ambao mama zenu wamekaa peke yao miaka kumi au ishirini, waulizeni wanataka nini. Huenda wamenyamaza kwa kuwaogopa ninyi.

Tunamuomba Allah (s.w.) awarehemu waliouawa bila haki katika nchi zetu, awape subira waliobaki, azitie utulivu nyumba zilizosimama tena, na atukutanishe na wapenzi wetu katika Pepo yake.

Aamiyn. Wabillahi tawfiq.