Mamba Muntu: Mapenzi, Hofu na Kicheko Lubumbashi

Kabla filamu za video za Dar es Salaam hazijaonyesha jini ampendaye binadamu, kama *Shumileta* ya Mussa Banzi (2005), kisa cha aina hiyo kilikwisha kutundikwa katika kuta za Lubumbashi. Miaka ya 1970 wachoraji wa mji huo waliuza picha za mamba muntu, ambazo Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian walizichunguza. Jina lataja mamba, lakini mchoro ni wa mwanamke mzuri mwenye mkia wa samaki. Mwanamume akiupata unywele wake, humjia ndotoni na kumpa mali, kwa sharti kwamba atunze siri na kumtii yeye peke yake.

Mara nyingi kiumbe huyu wa majini amevaa saa mkononi, mithili ya karani. Hapo msikilizaji hucheka. Kisha huogopa, kwani muda unaohesabiwa ni wa mpenzi wake. Katika mji wa migodi, ambamo wengi waliishi kwa mshahara, picha hiyo ilimwuliza kila tajiri wa ghafla: mali hii imetoka wapi, na nani atailipia?