Mfumo endeshi

Fundi akisema kompyuta yako "inataka kupigwa windo", anazungumzia kitu ambacho vitabu vya Kiswahili hukiita mfumo endeshi. Wengine huandika mfumo wa uendeshaji. Mimi nashika la kwanza: uendeshaji unaweza kuwa wa shule, wa meli, hata wa kikao, ilhali endeshi linasema wazi kwamba mwenye kuendesha ni mfumo wenyewe.

Unaendesha nini? Turudi mwaka 1969, Marekani, kwenye maabara ya Bell Labs, iliyokuwa imejitoa katika mradi mkubwa wa Multics. Ken Thompson wa maabara hiyo alikuwa ametunga mchezo wa kurusha chombo baina ya sayari, Space Travel. Kuucheza mara moja kwenye kompyuta kuu kulikula muda wa mashine wa dola 75 hivi, kwa hiyo akauhamishia, akisaidiwa na mwenzake Dennis Ritchie, kwenye minikompyuta ya PDP-7 isiyokuwa na kazi nyingi.

Taabu ilikuwa moja. Programu za PDP-7 zilitayarishwa kwenye kompyuta nyingine, zikatolewa kwa utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, kisha mtu akaubeba utepe na kuulisha mashine. Ukigundua kosa, unatoboa utepe mwingine. Mashine ilipiga hesabu vizuri tu, lakini mwendeshaji wake alikuwa binadamu huyo mwenye utepe mkononi.

Thompson akaiandikia mpangilio wa mafaili, programu ya kupokea amri, kihariri, na asembla ya kugeuza maandishi ya mwandishi kuwa lugha ya mashine. Asembla ilipokamilika, tepe zikaachwa. PDP-7 ikawa inaandikiwa, inajitafsiria na kuendesha programu zake humo humo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo jina endeshi lilipostahili.

Jina la mfumo huo, Unix, lilikuja 1970, mwenzao Brian Kernighan akiitania Multics. Kisha ikaja kompyuta mpya, PDP-11, iliyoombewa fedha kwa ahadi ya kuandalia nyaraka. Ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24: mfumo ulichukua 16, programu za watumiaji zikaachiwa 8. Dereva na mizigo yake, abiria wakabanana nyuma!

Mwaka 1973 sehemu kubwa ya Unix iliandikwa upya kwa lugha ya C, na hivyo ikapata njia ya kuhamia mashine za aina nyingine. Tangu hapo mtu aliweza kutaja mfumo endeshi bila kutaja kwanza kompyuta yake.