Kuhara kusikokoma: Maziwa na ngano si wakosaji kila mara

Mtu anapoanza kuhara mjini Garsen au katika vijiji vilivyo kando ya Mto Tana, kinachoshukiwa kwanza ni maji. Mto huo, ulio mrefu kuliko yote nchini Kenya, ndio unaonywesha watu, mifugo na mashamba. Unapofurika, kama ulivyofanya mwaka 1997, 2018 na mwishoni mwa 2023, maji ya vyoo huingia visimani na maradhi ya tumbo huzuka.

Hata hivyo, kuna kuhara kwa namna nyingine. Mgonjwa hana homa, choo hakina damu, lakini anakwenda msalani mara tano au kumi kwa siku, choo kikiwa cha majimaji, na hali hiyo inaendelea kwa wiki nne, miezi sita au hata miaka. Dawa za amiba anazonunua dukani hazimfai kitu. Hapo ndipo lawama hugeuziwa chakula, na mgonjwa huanza kuacha maziwa leo, chapati kesho na maharagwe kesho kutwa, hadi anabaki na uji mtupu.

Mojawapo ya maradhi yanayoleta hali hiyo ni kolaitisi ya hadubini, yaani uvimbe wa utumbo mpana usioonekana ila kwa hadubini. Ugonjwa huu ulianza kuelezwa na madaktari mwaka 1976 nchini Sweden. Una sura mbili: katika moja, chembe nyeupe za damu hujazana kwenye utando wa utumbo, katika nyingine, tabaka la kolajeni chini ya utando huo huwa nene kupita kiasi. Kwa vyovyote vile, utumbo hushindwa kunyonya maji ipasavyo. Huwapata zaidi wanawake waliopita umri wa miaka 50, na wavutaji sigara wamo hatarini zaidi. Dalili moja inayowatia wasiwasi madaktari ni mgonjwa kuamshwa usiku na haja. Tumbo linalosumbuliwa na wasiwasi au chakula pekee kwa kawaida humwacha mtu alale.

Ugonjwa huu hautambuliwi kwa kupima damu wala choo. Daktari huingiza mpira wenye kamera katika utumbo mpana na kukata vipande vidogo vya utando, hata kama kwa macho utumbo unaonekana salama kabisa, kisha vipande hivyo hupelekwa maabara. Kwa mkazi wa Garsen, safari ya kutafuta kipimo hicho mara nyingi huishia Mombasa, zaidi ya kilomita 200, au Nairobi. Ndiyo sababu ni busara kumaliza kwanza yale yanayoweza kufanywa karibu, katika hospitali ya Ngao au ya Hola: kupima choo kwa ajili ya amiba, jiadia na minyoo, kupima virusi vya HIV, na kumuuliza mgonjwa juu ya kifua kikuu, ambacho huweza kushambulia matumbo pia.

Swali jingine ambalo halina gharama yoyote ni hili: mgonjwa anameza dawa gani? Vidonge vya maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambavyo watu wa makamo hununua kwa ajili ya magoti na mgongo, vimehusishwa na kolaitisi ya hadubini. Kadhalika dawa za kupunguza asidi tumboni kama omeprazo, na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo. Wapo wanaopona kwa kubadilishiwa dawa tu. Kwa waliobaki, tiba yenye ushahidi mkubwa zaidi ni budesonaidi, ambayo hutolewa na daktari kwa wiki kadhaa, ingawa si ajabu dalili kurudi inapoachwa.

Chakula nacho kina nafasi yake, lakini si ile inayotangazwa na wauzaji wa vipimo. Vipo vipimo vya damu vinavyodai kuonyesha makumi ya vyakula "vinavyokataliwa na mwili" kwa kuhesabu kingamwili za aina ya IgG. Mwaka 2008 chama cha wataalamu wa mzio barani Ulaya, EAACI, kilitoa msimamo kwamba kingamwili hizo huonyesha tu kwamba mtu amewahi kula chakula hicho. Mvuvi wa Kipini akipimwa hivyo huenda akaambiwa aache samaki, kwa kuwa amekula samaki maisha yake yote! Fedha hizo ni afadhali zilipe nauli ya kwenda kumwona daktari.

Kipimo cha damu chenye maana ni kile cha ugonjwa wa siliaki, ambapo gluteni iliyomo katika ngano na shayiri huharibu utumbo mwembamba. Wagonjwa wa kolaitisi ya hadubini hupatwa na siliaki kuliko watu wengine. Wala si maradhi ya Wazungu peke yao: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wa Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi, wana siliaki. Jambo la kukumbuka ni kwamba damu ipimwe kabla mgonjwa hajaacha chapati na mahamri. Akitangulia kuacha, kipimo kinaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo.

Maziwa yana kisa chake. Sukari ya maziwa, laktosi, huhitaji kimeng'enya ambacho kwa watu wengi duniani hupungua baada ya utoto. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu 470 wa jamii 43 za Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua mabadiliko ya jeni yanayowawezesha wafugaji kunywa maziwa hadi uzeeni, tofauti na yale ya Ulaya, na ambayo moja lao lilienea ndani ya miaka takriban 2,700 hadi 6,800 iliyopita. Kwa hiyo haifai kukisia kwamba Muorma aliyelelewa kwa maziwa na Mpokomo aliyelelewa kwa wali, ndizi na samaki wana matumbo sawa. Wala haifai kukisia kinyume chake kwa kutazama kabila. Anayeshuku maziwa ayaache kwa wiki mbili, kisha ayarudie na kuona. Wengi wasioyamudu huweza kunywa kikombe kimoja pamoja na chakula bila taabu, na maziwa lala huwa na laktosi pungufu kwa sababu bakteria wameshaila sehemu yake. Maziwa ya ngamia nayo yana laktosi.

Maembe, ambayo Tana River huwa nayo tele msimu wake unapofika, yana fruktosi nyingi, na mtu anayekula sita kwa mkupuo asishangae tumbo likimwendesha. Kunde, maharagwe na vitunguu pia huchacha utumboni. Wali, samaki na ndizi mbichi za kupika ni vyepesi zaidi, nao ndio mlo wa kawaida wa delta hiyo.

Kinachotakiwa ni daftari. Mgonjwa aandike alichokula, dawa alizomeza na mara alizokwenda msalani. Aache chakula kimoja tu kwa wakati mmoja, kwa wiki mbili au tatu, kisha akirudishe. Kama hakuna tofauti, chakula hicho hakina hatia na kiendelee kuliwa. Mtoto asinyimwe maziwa kwa dhana, hasa wakati wa ukame kama ule wa 2020 hadi 2023, ambapo huenda maziwa ndiyo protini pekee nyumbani.

Wakati huo wote, maji yaliyopotea yarudishwe: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Choo kikiwa na damu, mwili ukikonda au homa ikizuka, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na daftari lake achukue.