Chizi wa Labouheyre na Kamera Yake

Hivi picha iliyopangwa ni uongo? Sisi waandishi wa habari tunabishana kila siku juu ya hili. Leo tulitazame kupitia kwa Mfaransa mmoja, Félix Arnaudin.

Alizaliwa mwaka 1844 huko Labouheyre, katika eneo la Landes, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Enzi hizo Landes ilikuwa nyika tambarare, na mvua zikinyesha maji yanatuama kila mahali. Wachungaji walitembea juu ya ngongoti ili wavuke madimbwi na kuwaona kondoo wao kwa mbali. Ardhi ya kule ni mchanga mtupu, kwa hiyo samadi ya kondoo ndiyo iliyowapa watu nafaka. Na sehemu kubwa ya malisho ilikuwa mali ya kijiji kizima.

Basi tarehe 19 Juni 1857, chini ya Napoleon III, ikapitishwa sheria ya kuvilazimisha vijiji kukausha nyika na kupanda miti. Ardhi nyingi ya kijiji ikauzwa kwa wenye fedha zao, misonobari ikasambaa, kondoo wakakosa pa kulisha. Kazi iliyobaki kwa wengi ikawa kugema utomvu kwenye miti ya watu wengine.

Arnaudin alianza kupiga picha mwaka 1874, yaani miaka 17 baada ya sheria hiyo. Akawa anazunguka na baiskeli yake, akipiga picha za nyumba, za wachungaji, za watu wakiwa kazini, huku akikusanya nyimbo na hadithi za wazee. Majirani hawakumwelewa kabisa. Wakambandika jina la "lou Pèc", yaani chizi! Alifariki mwaka 1921, akaacha picha zaidi ya 2,000.

Sasa hapa ndipo penye utata. Picha nyingi kati ya hizo alizipanga mwenyewe. Aliwaambia watu wasimame wapi na washike nini, na akazitafuta zile sehemu ambazo nyika ilikuwa bado haijamezwa na misonobari.

Je, alidanganya? Kwa maoni yangu, ngongoti zile ni za kweli, zana ni za kweli, na watu wale waliyaishi maisha yale. Bila yeye tungekuwa na kumbukumbu chache mno. Lakini tatizo lipo: mtazamaji anaona utulivu tu, haioni ile sheria. Anaweza kudhani maisha yale yalijifia yenyewe kwa uzee, kumbe yaliondolewa kwa amri ya serikali.

Kwa hiyo siku ukikutana na picha ya mchungaji wa Landes juu ya ngongoti zake, usiishie kusifia uzuri wa zamani. Uliza ilipigwa mwaka gani, na kufikia mwaka huo malisho yale yalikuwa yameshakuwa mali ya nani.