Simba wa Tsavo: Historia na Hadisi

Kwetu Katanga mtoto anamjua simba kwanza kwa hadisi. Jioni wazee wanasimulia namna Kalulu alivyomdanganya simba, mwenye nguvu akashindwa na mdogo mwenye akili. Hiyo ni hadisi tupu, na kila mtu anajua. Shida inaanza pale hadisi inapovaa nguo ya historia: watu wanataja mahali, mwaka na hesabu ya wafu, na msikilizaji anaamini yote pamoja. Basi, ndugu msomaji, tuwatazame simba wawili waliosifika dunia nzima, wale wa Tsavo katika Kenya.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga njia ya reli toka Mombasa kwenda ziwa Victoria. Sisi wa Likasi tunajua kazi hiyo ni kazi gani, maana wazee wetu walijenga ile iliyofika Bukama mwaka 1918. Katika Machi 1898 afisa mmoja, John Henry Patterson, alifika Tsavo kujenga daraja juu ya mto. Vibarua walikuwa wengi Wahindi, na Waafrika pamoja nao. Usiku simba dume wawili, wasio na singa shingoni, waliingia katika hema, wakamkamata mtu katikati ya wenzake na kumburura nje. Watu wakazungusha boma la miiba, simba wakapenya. Wakawasha moto usiku kucha, simba hawakujali. Wengine wakalala juu ya miti. Mwisho vibarua mamia walijilaza juu ya reli ili kusimamisha treni, wakapanda, wakarudi pwani, na kazi ya daraja ikasimama majuma matatu hivi. Patterson alimwua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba 1898, wa pili tarehe 29.

Wakati ule watu walisema kwamba hao si simba, bali ni roho za machifu wawili waliokufa, wenye hasira kwa kuwa reli imekata nchi yao. Sipendi kuwacheka, aliyelala katika hema lile angesema nini? Lakini mifupa inasema neno lingine. Simba wa kwanza alikuwa na jino kubwa lililovunjika, na mzizi wake ulikuwa na jipu ndani ya taya. Tufahamu kwamba simba hapigani na mbogo kama mashujaa wawili waliopatana siku. Humshika koo au pua, akamkaba mpaka pumzi iishe. Na mara nyingine mbogo hugeuka, na simba ndiye anayekufa kwa pembe. Kazi hiyo inataka meno mazima. Mtu ni laini. Tena katika miaka ya 1890 tauni ya ng'ombe iliwamaliza mbogo wengi wa Afrika ya mashariki. Hata hivyo simba hao hawakula watu peke yao: mwaka 2024 wataalamu walichunguza manywele yaliyonaswa katika meno yao, wakakuta ya twiga, ya punda milia, ya nyumbu, na ya mtu pia.

Je, waliuawa watu wangapi? Katika buku lake la mwaka 1907 Patterson aliandika Wahindi 28. Baadaye yeye mwenyewe akasema 135. Mwaka 2009 wataalamu walipima manywele na mifupa ya simba wale, wanaotunzwa katika Chicago, wakakadiria watu 35 hivi walioliwa. Ndiyo namna hesabu inavyokua pamoja na sifa za mwindaji. Lakini kuna jambo linalonigusa zaidi. Buku lile lile linakiri kwamba Waafrika wengi waliuawa pia, na serikali haikuandika hesabu yao. Simba wana jina duniani kote, wafu wale hawana hata namba.

Wanaseminari wataona jambo lile lile katika habari za mashahidi wa Kartago, mwaka 203. Masimulizi ya kwanza, ambayo sehemu yake iliandikwa na Perpetua mwenyewe gerezani, yanataja chui, dubu, nguruwe wa pori, na ng'ombe jike mkali. Ng'ombe huyo alimrusha Perpetua chini, kisha akauawa kwa upanga. Dubu alikataa kutoka katika kizimba chake. Lakini habari fupi zilizoandikwa nyuma zinasema Perpetua aliliwa na simba! Ng'ombe hakutosha, ikabidi aletwe mfalme wa nyama.

Msiseme hayo ni mambo ya shuleni tu. Katika vijiji, simba au mamba akiua, mara nyingi watu hawaulizi juu ya nyama. Wanauliza ni nani aliyemtuma, na mzee asiye na mtoto wa kumtetea ndiye anayefukuzwa au kupigwa. Katekista akifika mahali pa namna hiyo, aulize mapema na aandike: nani amekufa, siku gani, wapi, nani aliona kwa macho, na nani amesikia tu. Atazame na kidonda pia. Kwani watu nao wamewahi kujificha nyuma ya nyama: anioto, wale watu-chui wa upande wa Wamba na Beni, walipasua watu kwa makucha ya chuma.