Ramani ya Lindi kama somo la jiografia

Lindi ni mojawapo ya vijiji vinavyounda mtaa wa Kibera, jijini Nairobi. Hadi mwaka 2009, Kibera ilikuwa karibu tupu katika ramani za mtandaoni, ilhali sensa ya mwaka huo ilihesabu humo takriban watu 170,000. Ndipo vijana wa mtaa, katika mradi wa Map Kibera, wakapita vichochoroni na vifaa vinavyopokea mawimbi ya setilaiti, wakaingiza shule, zahanati, vyoo na vituo vya maji katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia.

Mfano huo unamfaa mwanafunzi wa sekondari. Katika ramani ya darasani ya skeli ya 1:50,000, sentimita moja huwakilisha mita 500. Kichochoro cha Lindi hakionekani. Katika skeli ya 1:1,000, sentimita moja ni mita 10, nacho huonekana. Mwanafunzi hupima umbali kwa hatua, husoma dira, huchagua alama na kuandika ufunguo. Huwauliza pia wakazi majina ya mahali, akatambua kwamba pasipochorwa husahaulika kwa urahisi huduma zinapogawanywa.